Afya Yako: Waya wa Tatu wa Jiko la Umeme

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya maji ya kunywa, choo, malaria na chakula cha mtoto. Leo tutazungumza juu ya umeme jikoni. Pengine utauliza: umeme na afya vinakutana wapi? Vinakutana kwenye mkono wa mama anayeshika sufuria.

Vijiji vingi vya Muleba na Bukoba sasa vina nguzo za umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na umeme umekuwa ukisogea kutoka mijini kwenda vijijini. Mwanzoni watu waliutumia kwa taa, redio na kuchaji simu. Sasa wengine wananunua jiko la umeme, lile la sahani mbili au la koili linalowekwa juu ya meza. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo.

Jambo hili ni jema. Aliyepika ndizi na maharage kwa kuni mbichi wakati wa masika anajua moshi ni kitu gani. Macho huwasha, kifua hubana, na mtoto mgongoni hukohoa. Jiko la umeme halina moshi. Lakini lina hatari yake, na hatari hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kagondo amenunua jiko la sahani mbili. Mumewe amelichomeka kwenye soketi, nalo limewaka vizuri. Ndizi zimeiva. Kila mtu amefurahi. Wiki ya pili mvua inanyesha, sakafu ya jiko ni udongo, na mama hana viatu. Anashika sufuria kukoroga, anahisi kitu kinamchoma mkono kama sindano. Anamwambia mumewe, "Jiko hili linauma." Mumewe anajibu, "Vaa kandambili."

Kandambili si dawa. Jiko linalouma linakuambia kwamba umeme umetoka ndani ya waya wake na umefika kwenye bati la jiko. Leo umemchoma kama sindano. Kesho sakafu ikiwa na maji zaidi, unaweza kumwua.

Kwa nini unauma? Fikiri juu ya maji ya mvua yanayoteremka mlimani. Ukiwa umechimba mfereji, maji hufuata mfereji na kwenda zake bondeni. Kama hakuna mfereji, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mlango wa nyumba yako. Umeme uliovuja kwenye bati la jiko nao hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiutengenezea njia yake, utapita huko. Usipoutengenezea, utapita katika mwili wa mtu wa kwanza atakayeshika jiko akiwa amesimama juu ya udongo uliolowa.

Njia hiyo ni waya wa tatu.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma herufi. Leo herufi tatu zitakusaidia. Ukifungua plagi ya jiko, ikiwa imetolewa kwenye soketi, utaona pini tatu. Penye kila pini pameandikwa herufi: L, N, na E. Penye E mara nyingine huwekwa alama ya mstari uliosimama, na chini yake mistari mitatu iliyolala, kila mmoja mfupi kuliko wa juu yake.

L ni ya waya unaoleta umeme. Mafundi huuita laivu. Katika waya wa jiko rangi yake ni kahawia. N ni ya waya unaorudisha umeme, mafundi huuita nyutro, na rangi yake ni buluu. E ni ya waya wa ardhi, na rangi yake ni kijani chenye mstari wa njano. Katika nyumba za zamani, nyaya za ukutani zina rangi nyingine: laivu ni nyekundu, nyutro ni nyeusi, na ardhi ni kijani. Usishangae ukiona rangi hizo. Ila fundi anayeunganisha nyaya za zamani na mpya lazima ajue vizuri ipi ni ipi.

Sasa sikia jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Jiko huwaka kwa nyaya mbili tu. Laivu na nyutro zinatosha kulipasha moto. Waya wa kijani na njano ukikatwa, jiko litawaka vilevile, ndizi zitaiva vilevile, na hakuna atakayejua. Ndiyo sababu waya huu hukatwa na watu wengi. Fundi wa haraka huukata kwa sababu haoni kazi yake. Mwenye nyumba huacha kununua nondo ya ardhi kwa sababu taa zimewaka bila hiyo. Kazi ya waya huu huonekana siku moja tu, siku umeme unapovuja.

Waya huu hupotea kwa njia nyingi. Tumeona majiko yanayokuja na plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu zina matundu matatu ya pembe nne. Tundu la juu, la ardhi, ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Basi mtu huchukua kalamu au kijiti, akakichomeka katika tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akasukuma pini mbili za mviringo. Jiko likawaka. Lakini pale palipotakiwa kuwa na njia ya ardhi sasa pana kalamu! Plagi ya namna hiyo ibadilishwe na fundi, iwekwe ya pini tatu. Adapta ya bei rahisi isiyo na pini ya ardhi ni kalamu hiyohiyo kwa sura nyingine.

Yapo majiko machache, hasa ya kioo yenye bodi ya plastiki, yaliyotengenezwa kwa namna isiyohitaji waya wa ardhi. Hayo yana alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Kama huoni alama hiyo, na jiko lako lina bati, waya wa tatu ni lazima.

Je, waya wa ardhi unakwenda wapi? Kutoka kwenye plagi unaingia kwenye soketi. Kutoka kwenye soketi unakwenda hadi meni swichi. Kutoka meni swichi unatoka nje ya nyumba, na kufungwa kwenye nondo iliyopigwa chini ardhini. Mafundi huiita ethi rodi. Ni nondo ya chuma iliyopakwa shaba, na ya kawaida ina urefu wa mita 1.2 hivi. Usikubali fundi atumie kipande cha nondo ya kujengea. Hicho hushika kutu ardhini, na baada ya miaka michache njia inakufa bila wewe kujua. Usikubali pia waya wa ardhi ufungwe kwenye bomba la maji. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na plastiki haipitishi umeme.

Nondo ipigwe mahali penye unyevu, iingie yote. Katika udongo mkavu wenye mawe njia huwa mbovu. Sisi wa Kagera tuna bahati ya mvua nyingi na migomba inayotunza unyevu, lakini juu ya vilima vyenye miamba kazi ni ngumu, na huenda nondo mbili au tatu zikahitajika. Fundi anayejua kazi yake ana chombo cha kupima ardhi. Ile bisibisi yenye taa ndogo, testa, haiwezi kupima. Testa huonyesha kama waya una umeme. Haikuambii kama njia ya ardhi ni nzima.

Hapa watu wengi husimama. Husema: nondo ipo, basi tumemaliza. Hapana. Nondo peke yake mara nyingi haitoshi.

Sikiliza hesabu hii. Umeme wa majumbani kwetu una nguvu ya volti 230. Ugumu wa udongo kupitisha umeme hupimwa kwa omu. Tuseme nondo yako ina omu 46, jambo ambalo si ajabu. Gawa 230 kwa 46, utapata 5. Maana yake umeme unaovuja kwenda ardhini ni ampea 5. Sakiti breka ya jiko hukata ikiwa umeme umezidi ampea 30 au 32. Kwa ampea 5 haisikii kitu. Itakaa imewashwa, bati la jiko likiwa na umeme, na uniti zako za LUKU zikiishia ardhini.

Kwa hiyo kinatakiwa kifaa kingine ndani ya meni swichi. Kinaitwa kikata-uvujaji, na juu yake utasoma herufi RCD au RCCB. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukienda mwingi ukarudi kidogo, kinajua kuna mahali unavuja, nacho hukata mara moja. Kile cha kulinda watu huandikwa 30 mA, au 0.03 A. Maana yake ni sehemu 30 katika sehemu elfu moja za ampea. Ni kidogo sana. Globu ya zamani ya wati 40 hutumia sehemu 174 hivi, na kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kusimamisha moyo wa mtu mzima. Jiko lina umeme mwingi kuliko globu hiyo mara hamsini.

Kifaa hiki kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kila mwezi. Umeme wa nyumba ukikatika, kifaa ni kizima, kirudishe juu. Usipokatika, kifaa kimekufa, mwite fundi. Mtu yeyote mwenye kidole anaweza kufanya kazi hii.

Wakati wa masika kifaa hiki huweza kukata kila mara jiko linapowashwa, hasa kama jiko limekaa muda mrefu bila kutumika. Koili hunyonya unyevu. Maharage yaliyochemka yakamwagikia sahani nayo huleta uvujaji. Wengine hukasirika, wakamwambia fundi akipitishe umeme pembeni ya kifaa ili kisisumbue. Kufanya hivyo ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu amebweka usiku. Chomoa jiko, lisafishe, lianikwe juani, kisha jaribu tena. Likikata tena, lina ubovu.

Tuje kwenye unene wa waya. Taa moja ya kisasa hutumia wati 9. Jiko la sahani mbili hutumia wati 2,000 au zaidi. Jiko moja ni kama taa 220 zimewashwa pamoja. Waya wa taa, ambao unene wake ni 1.5, haufai kwa jiko. Utapata moto ndani ya ukuta au darini. Soketi ya jiko dogo itumie waya wa shaba wa 2.5, na isitumike pamoja na pasi au birika. Jiko kubwa, lenye zaidi ya wati 3,000, halichomekwi kwenye soketi kabisa. Linatakiwa liwe na waya wake peke yake kutoka meni swichi, wa unene wa 6 au zaidi, na breka yake, na swichi yake kubwa ukutani. Swichi hiyo iwe pembeni ya jiko. Isiwe nyuma ya jiko, maana sufuria ikishika moto hutaweza kupitisha mkono juu ya moto ili kuzima.

Namba hizi, 1.5, 2.5 na 6, zimeandikwa juu ya waya wenyewe au kwenye boksi lake. Zisome dukani kabla ya kulipa. Waya wa bandia huwa na plastiki nene na chuma chembamba ndani. Tafuta alama ya TBS.

Ndani ya plagi kuna fyuzi ya ampea 13. Ikiungua, nunua nyingine ya namba hiyohiyo. Usifunge karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kama plagi au soketi inakuwa moto ukiigusa, au imegeuka rangi ya kahawia, usiendelee kupika.

Kwetu jiko mara nyingi ni nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa. Wengi hupeleka umeme huko kwa waya wa ekstensheni, ukipita chini ya mlango, kati ya migomba, juu ya udongo. Mbuzi huukanyaga. Jembe huukata. Mvua huunyeshea pale palipofungwa tepu nyeusi. Ekstensheni nyingi ni nyembamba, na nyingine hazina waya wa ardhi ndani ingawa zina matundu matatu. Mimi naona hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika vijiji vyetu, kubwa kuliko hata soketi ya kalamu. Kama unataka kupikia jiko la nje, fundi apeleke waya ufaao ndani ya paipu, uliofukiwa chini kuliko jembe linavyofika, nusu mita au zaidi. Kama fedha hazijatosha, weka jiko la umeme ndani ya nyumba kubwa, mahali pakavu, na endelea na kuni kule nje kwa sasa.

Nyumba nyingine zimepewa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, badala ya kutandaza nyaya ukutani. Ni msaada mzuri kwa taa, redio na simu. Usichomeke jiko humo kabla fundi hajasoma kiwango chake na kuangalia ardhi yake.

Wenye nyumba zilizopasuka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 nao waangalie. Kuta nyingi zilizibwa nyufa na kupakwa rangi, lakini waya uliokuwa ndani ya ufa haukupimwa. Upimwe kabla ya kubebeshwa mzigo wa jiko.

Na radi? Pande za Ziwa Viktoria radi ni nyingi. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa jiko. Nondo ya ardhi ya jiko haikuwekwa kwa ajili ya radi.

Kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Si dharau. Hata dereva wa basi huombwa leseni. Akimaliza, usiangalie taa tu. Mwambie akuonyeshe nondo ilipo. Mwambie abonyeze kitufe cha T mbele yako. Muulize ardhi imepimwa omu ngapi. Kuna fundi ambaye atakuambia ameunganisha ardhi na nyutro ndani ya soketi "ili kuokoa gharama". Mzuie hapohapo. Siku waya wa nyutro utakapokatika, bati lote la jiko litakuwa na umeme.

Sasa, kama mtu amenaswa na umeme, fanya nini? Usimshike, utanaswa nawe. Kimbilia meni swichi, uzime. Kama iko mbali, simama juu ya ubao mkavu, umsukume mbali na jiko kwa mti mkavu au mwiko mrefu mkavu wa mbao. Akiwa ameachana na umeme, mwite jirani, mwangalie kama anapumua. Kama hapumui na haitiki, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, hadi msaada ufike au apumue. Mkipokezana ni vizuri, maana mtu mmoja huchoka upesi.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala unga. Kisha mpeleke zahanati au hospitali, hata kama amesimama na kusema yeye ni mzima. Umeme huunguza ndani ya mwili, na ngozi inaweza kuonyesha doa dogo tu. Moyo nao huweza kubadili mapigo baadaye.

Jiko likiwaka moto, zima meni swichi kwanza. Usimwagie maji. Funika sufuria kwa kifuniko au tupa mchanga mkavu. Namba ya simu ya Zimamoto ni 114.

Zoezi kwa madarasa ya jioni. Mwenye jiko la umeme aligeuze likiwa limechomolewa na limepoa. Nyuma au chini yake pamebandikwa kibati kidogo. Asome namba iliyo mbele ya herufi V, kisha namba iliyo mbele ya herufi W. Anakili zote mbili katika daftari na kuzileta darasani. Hapo gaweni namba ya W kwa 230. Jiko la wati 2,000 litatoa 8.7. La wati 2,500 litatoa 10.9. La wati 3,500 litatoa 15.2. Jibu likizidi 13, jiko hilo lisichomekwe tena kwenye soketi, hata kama limekuwa likiwaka tangu mwaka jana.